Anza na Safu ya Pili: Namna ya Kuupima Mchoro wa Jaribio la Afya

Nikiletewa andiko la jaribio la afya nilikague, huanza na mchoro, na ndani ya mchoro huanza na safu ya kundi la ulinganisho. Hapo ndipo wachoraji wengi huchoka. Upande wa afua umejaa maumbo na maandishi. Upande wa pili kuna kisanduku kimoja kilichoandikwa "huduma za kawaida", basi. Huduma za kawaida ni zipi? Zahanati yenye dawa kabatini inatoa huduma za kawaida, na zahanati ambayo dawa zake ziliisha mwezi uliopita nayo inatoa huduma za kawaida. Asiyejua kundi la pili lilipata nini hawezi kujua kundi la kwanza liliongezewa nini. Kama safu hiyo ni tupu, mimi huurudisha mchoro kwa mwenyewe kabla sijasoma kingine.

Kidonge hakihitaji mchoro. Kina jina, kina dozi, kina idadi ya siku; sentensi moja inakitosha. Taabu inaanza pale tiba inapokuwa mkusanyiko: mafunzo kwa wahudumu, vipeperushi kwa wagonjwa, ziara za usimamizi, mikutano ya kijiji, kila kimoja na wakati wake na mtu wake. Maneno hayatoshi kuubeba mzigo huo, na ushahidi upo. Mwaka 2013 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa majaribio 133 ya tiba zisizo za dawa. Kati ya afua 137 zilizokuwamo, ni 39% tu zilizoelezwa kiasi cha kumwezesha mtu mwingine kuzitekeleza. Watafiti wenyewe walipoandikiwa na kuulizwa, ikafika 59%. Zilizobaki zilikuwa na matokeo yaliyochapishwa, lakini daktari aliyetaka kuzitumia asingejua aanzie wapi.

Hapa kuna mkanganyiko wa kuuondoa mapema. Watu wengi wakisikia mchoro wa jaribio wanafikiria ule wa CONSORT, uliokuja na mwongozo wa mwaka 1996: wangapi walichunguzwa, wangapi walipangiwa kila kundi kwa bahati nasibu, wangapi walipotea njiani, wangapi waliingia kwenye hesabu ya mwisho. Ni mchoro wa lazima na ninauheshimu. Lakini unahesabu watu. Hausemi watu hao walifanyiwa nini. Andiko linalouweka huo peke yake na kudai limechora afua halijafanya kazi hiyo.

Mwaka 2007 Rafael Perera, Carl Heneghan na Patricia Yudkin wa Oxford walipendekeza katika BMJ namna ya kuchora ambayo bado naipenda kuliko nyingine, kwa sababu ya uchache wa alama zake. Muda unashuka kutoka juu kwenda chini. Kila kundi lina safu yake. Kitu kinachoshikika, kisichobadilika kwa kubadilika mikono, kama kipeperushi, kinapewa mraba. Shughuli, ambayo kila anayeifanya huifanya kwa namna yake, kama mazungumzo ya ushauri, inapewa duara. Kila umbo lina herufi, na herufi inafafanuliwa chini ya mchoro. Herufi ileile ikitokea kwenye safu zote mbili kwa wakati mmoja, jicho huiondoa lenyewe. Kinachobaki ndicho kinachojaribiwa.

Kuchagua mraba au duara ndiko kunakoonyesha kama aliyechora anaijua kazi yake. Kitabu cha mafunzo ni mraba. Siku ya mafunzo ni duara, hata kama kitabu ni hichohicho, kwa sababu mkufunzi wa kijiji hiki anapenda maswali na wa kijiji kile anasoma kurasa mpaka watu wanasinzia. Ukikuta mchoro una miraba mitupu, mchoraji anakuambia kwamba kila jambo lilifanyika sawasawa kila mahali. Muulize amejuaje. Nimeona maandiko mengi yakibadilika kabisa baada ya swali hilo, maana mtafiti analazimika kusema ni kipi alikifunga na ni kipi aliwaachia wahudumu.

Ili uone mchoro unavyoweza kusema jambo ambalo kurasa zinalifunika, chukua majaribio mawili maarufu ya eneo la Ziwa Viktoria. La Mwanza, lililochapishwa mwaka 1995, lilihusu jamii 12 zilizopangwa jozi 6. Vituo vya afya viliboreshewa tiba ya magonjwa ya ngono: wahudumu walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zililetwa bila kukatika, wasimamizi walipita mara kwa mara, wanavijiji walielimishwa kuwahi kituoni. Maambukizi mapya ya VVU katika miaka miwili yalikuwa 1.2% kwenye jamii hizo na 1.9% kwenye jamii za ulinganisho, yaani pungufu kwa takriban 40%. La Rakai, Uganda, lilichapishwa mwaka 1999. Huko watu wazima walifuatwa nyumbani na kupewa dawa za magonjwa ya ngono, mwenye dalili na asiye nazo, kila baada ya miezi 10. Maambukizi ya VVU hayakupungua.

Kwa miaka mingi majaribio haya yalitajwa pamoja kana kwamba ni swali moja lenye majibu mawili, "kutibu magonjwa ya ngono ili kuzuia VVU". Wataalamu walitafuta sababu ya tofauti, zikiwemo hatua ya mlipuko katika kila eneo na wingi wa malengelenge ya sehemu za siri, na hoja hizo zina uzito wake. Lakini chukua penseli uyachore. Mwanza inatoka kama mistari mirefu inayoshuka bila kukatika: dawa zipo kila siku, mhudumu yupo kila siku, mgonjwa anakuja siku anayoumwa. Rakai inatoka kama vituo vya basi, alama moja, kisha miezi 10 ya karatasi nyeupe, kisha alama nyingine. Mtu aliyeambukizwa kisonono mwezi mmoja baada ya timu kupita yumo ndani ya ule weupe. Safu za pili nazo hazifanani. Ya Mwanza ni huduma zilizokuwapo kabla. Ya Rakai ina ziara za nyumbani na dawa za minyoo na vitamini, kwa hiyo ziara inafutika pande zote mbili na zinabaki dawa peke yake. Mchoro haukati shauri la nani yuko sahihi, ila unamzuia mtu kuviita vitu viwili kwa jina moja.

Mchoro wa Mwanza unadai jambo jingine ambalo mpangilio wa Oxford peke yake haulitoshelezi. Karibu kila umbo pale halimgusi mgonjwa. Mafunzo yanamgusa mhudumu, dawa zinagusa stoo, ziara inamgusa mganga wa kituo. Katika afua ya namna hiyo nataka kuona tabaka: lililofanywa kwa mfumo, lililofanywa kwa mhudumu, lililomfikia mgonjwa. Mshale kutoka tabaka moja kwenda jingine uwe na maana moja tu katika mchoro wote. Ukiona mshale mmoja unamaanisha "kisha", mwingine "unasababisha", na wa tatu "anampa", andiko hilo halijakomaa.

Urefu wa muda nao una udanganyifu wake. MEMA kwa Vijana, jaribio lililofanyika mkoani Mwanza katika jamii 20, liliunganisha elimu ya afya ya uzazi darasani, huduma rafiki kwa vijana vituoni, usambazaji wa kondomu na shughuli za kijiji. Vijana waliofuatiliwa, zaidi ya 9,600, waliandikishwa mwaka 1998 wakiwa darasa la nne hadi la sita, na masomo, yaliyokuwa ya darasa la tano hadi la saba, yakaanza mwaka 1999. Piga hesabu: aliyekuwa la nne aliweza kuyapata miaka mitatu, aliyekuwa la sita mwaka mmoja. Mstari mmoja ulioandikwa "masomo" unawafanya wote wawe sawa. Mistari mitatu ya urefu tofauti ingesema kweli, na msomaji angejua kwamba wastani wa matokeo una dozi tatu ndani yake. Elimu na mitazamo ya vijana hao viliboreka, ila athari ya uhakika kwa VVU haikuonekana. Anayetaka kujadili kwa nini aanzie kwenye mistari hiyo.

Mengine ni madogo, lakini yanahesabika. Mchoro usomeke baada ya fotokopi ya tatu, kwa hiyo maana isitegemee rangi. Nembo za wafadhili zikae ukurasa mwingine. Wiki mbili zisipewe nafasi sawa na miezi sita bila alama ya kukatika. Maelezo chini ya mchoro yaseme nani, wapi, mara ngapi, dakika ngapi. Orodha ya TIDieR ya mwaka 2014, yenye vipengele 12, ni kipimo kizuri cha maelezo hayo.

Kipimo changu cha mwisho nakifanyia nje ya ofisi. Namkabidhi mchoro mtu atakayeifanya kazi yenyewe, bila andiko, namwomba anisimulie wiki zake. Mwaka mmoja tulikuwa na mchoro ambao sote kwenye timu tuliuona umekamilika. Nikampelekea muuguzi wa kliniki ya wajawazito. Alishuka nao vizuri, kidole kikifuata safu ya kwanza, mpaka kwenye duara lenye herufi c. Akasimama.

"Daktari, hapa anayempigia mama simu ni mimi au ni yule karani wa takwimu?"

"Ni wewe, Sista."

"Na zile simu za karani ziko wapi?"

Hazikuwepo. Karani alikuwa akiwapigia akina mama wa makundi yote mawili kila mwezi kujaza dodoso, na swali la tatu la dodoso lilikuwa kama bado wanameza vidonge. Tulirudi ofisini tukamchorea karani duara lake, herufi moja, kwenye safu zote mbili.