Shahidi Asiyetaja Mwaka: Uhakiki wa Lugha ya Syslog

1. Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea utenzi, riwaya na tamthilia. Ni nadra kuona mhakiki akifungua faili la usanidi wa seva na kuliuliza maswali yale yale anayoiuliza hadithi: nani anasema, nani anasikiliza, kipi kinafichwa? Hata hivyo, katika kila chuo chenye seva ya Unix au Linux kuna maandishi yanayoandikwa usiku na mchana bila kukoma, na ambayo aghalabu husomwa siku ya msiba tu: diski imejaa, barua hazifiki, au mgeni asiyealikwa ameingia. Kwa maandishi ya namna hiyo Kiswahili kina neno batli, lililotumika kwa daftari la safari ya meli. Neno hilo lafaa hapa pia, kwani seva nayo ni chombo, na msimamizi wake ni nahodha anayehitaji kujua kilichotokea alipokuwa amelala.

Makala haya yanachunguza lugha ya syslog, yaani utaratibu wa kupokea na kuandika ujumbe wa mfumo, pamoja na faili linaloutawala. Swali ni moja: je, lugha hiyo yatosha kuwa ushahidi?

2. Chimbuko na sifa yake kuu

Syslog ilitungwa na Eric Allman katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mnamo miaka ya 1980, ikiwa sehemu ya kazi ya Sendmail, programu ya kusafirisha barua. Kwa muda mrefu ilienea kwa mazoea tu. Mwaka 2001 ndipo waraka RFC 3164 ulipoeleza mazoea hayo kama yalivyoonekana, na mwaka 2009 waraka RFC 5424 ukaweka kanuni mpya.

Sifa yake kubwa ni kutenganisha msemaji na mwandishi. Programu hutamka jambo, hutaja aina yake na uzito wake, kisha hunyamaza. Haiamui maneno yake yataandikwa wapi, wala yatamfikia nani. Uamuzi huo ni wa msimamizi, naye huutamka katika faili la usanidi kwa mistari yenye sehemu mbili: upande wa kushoto ujumbe unaochaguliwa, upande wa kulia mahali unakopelekwa. Ni sarufi fupi, na ufupi huo ndio uliofanya iishi.

3. Usomaji wa mstari mmoja

Mstari ufuatao umejulikana sana katika seva za Linux za ukoo wa Red Hat:

*.info;mail.none;authpriv.none;cron.none    /var/log/messages

Nyota inasema «aina zote». Neno info halisemi «taarifa peke yake», bali «taarifa na kila kilicho kizito kuliko taarifa». Mwanafunzi asiyelijua hilo huusoma mstari kinyume. Baada ya hapo neno none linarudia mara tatu, nalo ni amri ya kunyamazisha: barua, uthibitisho wa siri na kazi za ratiba zisiingie humu.

Ukimya huo si wa sababu moja. Barua hutolewa kwa kuwa ni nyingi na zingezika mengine. Authpriv hutolewa kwa ajili ya heshima ya mtu: mtumiaji mwenye haraka anaweza kuandika neno lake la siri mahali pa jina, na kosa hilo likaandikwa wazi. Ndiyo maana aina hiyo hupelekwa katika faili lake, lisilosomwa na kila mtu. Kwa hiyo mstari mmoja unabeba uamuzi wa wingi na uamuzi wa maadili, lakini yote miwili imevaa neno lile lile. Sababu haikuandikwa. Huo ni upungufu wa kwanza, nao si wa mashine bali wa mwandishi, kwa kuwa alama # humruhusu kuongeza maelezo kwa lugha yoyote, Kiswahili kikiwemo.

Upungufu wa pili ni wa alama zisizoonekana au zinazodharauliwa. Katika programu za zamani, pande mbili za mstari zilipaswa kutengwa kwa alama ya tabo; nafasi za kawaida ziliharibu mstari mzima ingawa jicho halikuona tofauti. Vilevile, katika sysklogd ya Linux, kistari kidogo mbele ya jina la faili humaanisha kwamba maandishi yasisukumwe kwenye diski papo hapo. Kazi huenda upesi, lakini umeme ukikatika ghafla, maneno ya mwisho yaweza kupotea, na hayo ndiyo yanayotafutwa kuliko yote.

4. Ngazi nane na tafsiri yake

Uzito wa ujumbe una ngazi nane, kuanzia 0 hadi 7, na namba ndogo ndiyo nzito. Aina ni 24. Namba ya aina huzidishwa kwa 8, kisha huongezwa ngazi. Hivyo ujumbe mahututi (2) wa uthibitisho (4) hubeba namba 34 mbele yake.

Hapa mtaalamu wa Kiswahili ana kazi. Ngazi ya 1, alert, inadai hatua ichukuliwe mara moja. Ngazi ya 4, warning, inaonya tu. Kamusi nyingi zitamruhusu mfasiri kuandika «tahadhari» kwa zote mbili. Akifanya hivyo, anafuta umbali wa ngazi tatu, na mlinzi wa zamu hatajua kama aamke au asubiri asubuhi. Mfululizo ufuatao unalinda tofauti hiyo: dharura, mbiu, mahututi, kosa, onyo, ilani, taarifa, upekuzi. Neno mbiu halikuchaguliwa kwa urembo. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Asikiaye hujua kwamba anaitwa.

Lakini ikumbukwe kwamba ngazi hizi ni kauli ya msemaji juu ya nafsi yake. Programu moja huita kosa kile ambacho nyingine huita ilani. Nazo aina zenyewe zimebaki na sura ya zama zake: kuna nafasi ya uucp na ya habari za Usenet, lakini hakuna ya hifadhidata wala ya seva ya wavuti. Hizo hubanwa katika local0 hadi local7, nafasi nane ambazo kila mahali huzipa maana yake.

5. Saa bila mwaka

Kasoro nzito kuliko zote iko katika tarehe. Mstari wa kimapokeo huanza hivi: Mar 4 08:10:00. Mwaka haumo, wala majira ya mahali. Mtetezi atasema kwamba mafaili mengi huzungushwa kila wiki na kutunzwa wiki 4 tu, hivyo mwaka hujulikana. Hoja hiyo ni ya haki hadi siku batli inapowekwa kwenye hazina au kupelekwa mbele ya hakimu.

Kongo yenyewe inatoa kipimo kizuri, kwa kuwa Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Seva ya Lubumbashi ikiandika 08:10 na ya Kinshasa ikiandika 07:30, msomaji wa mistari hiyo miwili ataamini kwamba Kinshasa ilitangulia. Kumbe Lubumbashi ilitangulia kwa dakika 20. Chanzo kitaonekana kuwa matokeo, na asiye na hatia atashukiwa. Waraka wa 2009 ulirekebisha jambo hili kwa kuandika mwaka na tofauti ya majira, mfano 2024-03-04T08:10:00+02:00. Katika rsyslog, msimamizi anaweza kuchagua umbo hilo kwa faili lake.

6. Hitimisho

Mwaka 1986, katika maabara ya Lawrence Berkeley, Clifford Stoll alifuatilia upungufu wa senti 75 katika hesabu za kompyuta hadi akamgundua mvamizi. Aliunganisha mitambo ya kuchapa kwenye njia za kuingilia, ili maandishi yawe nje ya kompyuta ambayo mvamizi angeweza kuifuta. Funzo hilo bado ni hai: shahidi asilale nyumba moja na mtuhumiwa. Alama @ katika usanidi wa rsyslog hupeleka nakala kwa seva nyingine kwa UDP, njia isiyouliza kama ujumbe umefika. @@ Hutumia TCP, iliyo ya uangalifu zaidi.

Lugha ya syslog, basi, ni fupi na imekomaa, lakini haitoshi kwa ushahidi mpaka msimamizi aikamilishe: ataje mwaka, aeleze kwa maneno sababu ya kila ukimya, na aweke nakala mbali. Asiyefanya hivyo atakuwa na maandishi mengi, na siku ya kuulizwa hatakuwa na jibu.