Nani Anakula "Kifungua Kinywa"?

Niliwahi kuandika hadithi fupi juu ya kijana wa Chang'ombe, hapa Dodoma, anayeishi kwa vibarua vya ujenzi. Nilianza hivi: aliamka, akapata kifungua kinywa, akaenda kazini. Mshikaji mmoja niliyemsomea, mwenyewe fundi, akaangua kicheko: "Kwani huyo jamaa kapanga hotelini?"

Niliudhika. Baadaye nikaona amenihakiki vizuri kuliko mwalimu yeyote.

Sisi chipukizi tukitaka kusawiri tabaka tunakimbilia nyumba, magari na mavazi. Mlo tunaupita haraka. Kumbe jina la mlo linamfichua mhusika hata kabla hajavaa shati. Mtaani asubuhi watu "wanakunywa chai", hata kama kikombeni ni uji na pembeni kuna kiporo cha jana. "Kifungua kinywa" utakikuta kwenye bango la gesti, kwenye ratiba ya semina, na kwenye vitabu vya shule. "Staftahi", kwa huku kwetu bara, mimi nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyoisikia.

Si sisi tu. Mwaka 1954 mwanaisimu Alan Ross alieleza jinsi Waingereza wa tabaka la juu wanavyojulikana kwa maneno yao, na mwaka 1956 Nancy Mitford akaueneza mjadala huo katika kitabu *Noblesse Oblige*. Familia nyingi za wafanyakazi wa kaskazini mwa Uingereza huita mlo wa mchana "dina" na wa jioni "chai", hata kama mezani kuna nyama na viazi. Kwa wakubwa, mchana ni "lanchi", na dina ni ya usiku. Mwandishi wa kule akichanganya, msomaji anamshtukia hapo hapo.

Lakini sisi tuna jambo zito zaidi: tuna majina ya kutokula. Kuna "pasi ndefu": unaruka asubuhi, unaruka mchana, halafu unapiga msosi mmoja alasiri ukufikishe kesho. Kuna "deshi": hakuna kitu kabisa. Vibarua na wanafunzi wanayajua maneno haya. Ila katika hadithi zetu, yangu ikiwemo, maskini anakula mara tatu kwa siku kama aliyelazwa wodini!

Na hii ni nchi ya ukame. Vita vya kwanza vya dunia vilipopita hapa, majeshi yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, mvua nayo ikakosa. Wagogo waliipa njaa ile ya 1917 hadi 1920 jina lake: Mtunya. Hawakuiita "upungufu wa chakula".

Najua nitaambiwa kwamba lugha ya mtaani huchuja upesi, na kwamba "kifungua kinywa" ndicho Kiswahili sanifu. Sawa, msimulizi abaki na usanifu wake akipenda. Ubishi wangu uko kwenye dhamira: neno lile lilimpa kijana wangu chakula ambacho hana, na umaskini niliotaka kuueleza ukatoweka katika sentensi ya kwanza.

Nimeiandika upya. Sasa anaamka, anapita kwa mama ntilie bila kusimama, maana leo ni pasi ndefu. Wenzangu, kabla ya kumwandalia mhusika mlo, tumuulize yeye anauitaje. Halafu tumuulize kama upo.