Ngolo za Umatengo katika Picha Isiyo na Rangi

Neno mandhari hutumiwa mno na wapenzi wa picha, nalo laficha jambo moja. Mgeni aitazamapo milima ya Ukata, katika wilaya ya Mbinga, husema ameona mandhari. Mmatengo akaaye humo husema ameona shamba la fulani. Wote wawili wanatazama mteremko ule ule. Basi uhakiki wa picha ya nchi hauna budi kuanza kwa kuuliza: picha hii imesema neno la nani? Swali hili nalielekeza kwa picha nyeusi na nyeupe zipigwazo kwa kamera za kale za mkanda mpana, kwa kuwa sanaa hiyo, iliyodhaniwa kufa, imepata wafuasi wapya, na kwa kuwa ardhi ya Umatengo yaijaribu vikali.

Kwanza tutazame chombo chenyewe. Mkanda wa namba 120 ulitolewa na Kodak mwaka 1901, nao ungali ukitengenezwa. Rolleiflex, kamera ya Kijerumani iliyoanza kuuzwa mwaka 1929 na baadaye ikatumia mkanda huo, ina lenzi mbili, moja ya kutazamia na moja ya kupigia. Picha yake ni mraba wa sentimita 6 kwa 6, na mkanda mmoja hutoa picha 12 tu. Mpiga picha huinamisha kichwa juu ya kioo, na humo kulia huonekana kushoto. Ufinyu huu si kasoro. Mtunzi afungwaye na mizani 16 katika mshororo hujifunza kulipima neno kabla ya kuliweka. Kadhalika mwenye picha 12 huupima mwanga kabla ya kufyatua. Lakini mizani peke yake haifanyi shairi, wala uchache wa picha haufanyi ukweli.

Sasa tuje kwenye ngolo. Husimuliwa kuwa Wamatengo, walipobanwa milimani na vita vya Wangoni katika karne ya 19, waliilima miteremko mikali kwa njia yao wenyewe. Mvua zikaribiapo kwisha, yapata mwezi wa Machi, wanaume hufyeka nyasi na nyasi hizo hulazwa kwa mistari inayokatana, mlima ukawa miraba. Wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi. Hubaki shimo katikati na tuta pande zote nne. Maharage hupandwa juu ya matuta, na mahindi hufuata mvua zirudipo. Shimo huyazuia maji yasiteremke na udongo, na nyasi zikioza huwa mbolea.

Hapo ndipo picha isiyo na rangi ipatapo haki yake. Rangi hulivuta jicho likasahau umbo. Ukiiondoa, kinachobaki ni mwanga na kivuli, navyo ndivyo viichoravyo ngolo. Asubuhi kila shimo hujaa giza na kila tuta hung'aa, mlima mzima ukawa kama mkeka uliosukwa. Saa sita mchana mistari hiyo hupotea. Mpiga picha aliyefika mchana na kuondoka ameona kilima. Aliyengoja ameona kilimo.

Hata hivyo picha ya namna hii yaweza kudanganya kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kikemia. Sahani za kioo zilizotumiwa na wapiga picha wengi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza hazikuhisi wekundu, bali zilihisi mno buluu. Udongo mwekundu ulitoka mweusi, na mbingu ikatoka nyeupe tupu. Asiyejua hayo hudhani nchi ilikuwa na huzuni, kumbe huzuni ni ya sahani. Mikanda ya leo kwa kawaida huhisi rangi zote. Lakini chujio jekundu likiwekwa mbele ya lenzi, mbingu ya siku njema huwa nyeusi kama ya tufani.

Ya pili ni ya jicho. Huko chini, pwani ya Ziwa Nyasa, Wajerumani waliiita Liuli Sphinxhafen, kwa kuwa mwamba wake uliwakumbusha sanamu maarufu ya Misri. Ni bandari ile ile ambapo Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani. Mwamba haukuwa na habari za Misri. Jicho ndilo lililokuja na sura ya kwingine. Hivyo hivyo, mtu aweza kuutafuta Umatengo ufananao na milima ya Marekani aliyoipiga Ansel Adams, na ili aupate akangoja wakulima watoke mbele ya lenzi.

Yaweza kujibiwa kwamba uzuri watosha, na kwamba picha za Adams zisizo na watu zilisaidia kupatikana kwa hifadhi ya Kings Canyon mwaka 1940. Hoja hii ina nguvu, lakini ilihusu nchi iliyotakiwa isiguswe. Ngolo huhifadhika kwa kuguswa. Jembe likikoma, matuta humomonyoka, na ule uzuri uliomvuta mpiga picha huondoka pamoja nayo. Kwa hiyo, kumwondoa mkulima katika picha ya ngolo ni kuondoa sababu ya picha.

Sisemi kila picha iwe na mtu. Njia iliyokanyagwa, tuta lililochimbwa jana, moshi wa jiko, vyatosha kushuhudia. Nasema tu kwamba weusi na weupe huvaa upesi sura ya zamani, na kilichopigwa mwaka huu huonekana kama ukumbusho wa waliokwisha kufa. Basi mpiga picha na aandike chini ya kazi yake kijiji, mwezi na mwaka, na kama ni maharage au mahindi. Mhakiki naye aanze kuisoma picha kutoka hapo, ndipo ausifu mwanga.