Kiini Kidogo Kinachouma Usiku

Kijana anayepanda na kushuka miteremko ya Gatwekera, Kibera, akilalamikia kifundo cha mguu, wengi watamwambia ameteguka. Atafungwa bandeji, apewe vidonge, arudi kazini. Lakini mguu ulioteguka hutulia ukipumzishwa. Maumivu yanayozidi usiku, kisha yakapoa kwa aspirini, yanataka uchunguzi mwingine.

Huenda ni osteoidi osteoma, uvimbe wa mfupa usio saratani, ambao Henry Jaffe wa New York aliueleza mwaka 1935. Huwapata zaidi vijana, na kiini chake kwa kawaida hakifiki sentimita 2. Kiini hicho hutoa kwa wingi prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu, na aspirini huzuia zisitengenezwe. Kwa hiyo kidonge kinamtuliza mgonjwa na wakati huohuo kinachelewesha ugonjwa kugunduliwa.

Uvimbe ukiwa kwenye talasi, mfupa ulio chini ya muundi, eksirei ya kawaida inaweza isionyeshe kitu. Skani ya CT ndiyo hukifichua kiini kama doa: duara jeusi, mara nyingi lenye chembe nyeupe katikati. Mkazi wa Gatwekera anaweza kuanzia zahanati ya mtaani, apelekwe Mbagathi iliyo jirani, kisha Hospitali Kuu ya Kenyatta.

Picha hiyo ya CT ndiyo ramani ya daktari mpasuaji, kwa sababu kiini kikibaki, maumivu yanaweza kurudi.

Mgonjwa akishapigwa ganzi, ukanda hufungwa pajani kuzuia damu, na eksirei ya thieta huthibitisha mahali. Daktari hupasua ngozi akikwepa mishipa ya damu na ya fahamu, kisha huukwangua mfupa tabaka kwa tabaka kwa kikeekee cha umeme, hadi doa jekundu litokeze. Hulichimbua lote kwa kijiko cha chuma chenye makali na kulipeleka maabara, kwani jipu la mfupa linaweza kufanana nalo kwenye picha. Shimo likiwa kubwa, hujazwa mfupa uliotolewa nyongani.

Tangu miaka ya 1990, kiini huweza pia kuchomwa kwa sindano ya mawimbi ya redio. Kifundoni, joto hilo linaweza kudhuru gegedu na neva zilizo karibu, hivyo kisu bado kinahitajika.

Mara nyingi maumivu ya usiku hutoweka ndani ya siku chache. Mfupa ndio unaochelewa kupona, na kutembea kwa mikongojo kwenye vichochoro vyenye mitaro wazi na matope ni hatari. Kabla ya kumruhusu mgonjwa, wauguzi wanapaswa kujua choo kiko umbali gani, nani atamchotea maji, na lini atarudi kupigwa eksirei kabla hajaanza tena kubeba mizigo.