Sekunde Moja, Sentimita Tano

Kanda ilikuwa imekatika. Niliikuta Kibondo, kwenye sanduku la bati la marehemu mjomba, imeandikwa neno moja kwa wino uliofifia: inanga. Nikashuka nayo Kasulu kwa fundi redio, mzee ambaye siku hizi anaishi kwa kubadilisha vioo vya simu.

“Hii ililiwa na redio,” akasema, “na aliyeitoa aliivuta kwa hasira.”

Utepe wa kaseti hautimizi hata milimita 4 kwa upana, nao hupita karibu sentimita 5 kila sekunde. Fundi akikata sentimita 5, amekata sekunde nzima ya wimbo, na hairudi. Yule mzee aliunyoosha utepe kwa ukucha, akakata ncha mshazari, kiasi cha nusu sentimita tu, akaziunga kwa kiungio alichokuwa amekitunza miaka mingi. Selotepu hakuitaka kabisa: gundi yake huvuja na kugandisha mizunguko ya jirani. Kisha akauhamishia utepe kwenye kasha jingine, akasafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti.

Sauti ikaja, lakini kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Akashika bisibisi ndogo, akaigusa skrubu iliyo ubavuni mwa kichwa, akaizungusha kwa kiasi cha unywele huku amefumba macho. Blanketi likaondoka. Nyuzi zikasikika, na juu yake mnong’ono.

Inanga, ala hiyo ya nyuzi, ina sauti ya chini, na yupo mpigaji anayenong’ona ili asiifunike. Kwa jirani zetu Warundi, ambao lugha yao na Kiha chetu ni ndugu wa tumbo moja, Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa aina hiyo mwaka 1967. Hugh Tracey naye alizunguka Tanganyika mwaka 1950 na mitambo yake, na kazi hiyo imehifadhiwa Afrika Kusini. Mjomba alikuwa na redio kaseti tu. Lakini aliijua kazi: aliiweka chini, karibu na goti la mpigaji, maana mnong’ono unasikika kuliko makofi ya harusi. Kwenye kanda, mtoto analia mbali. Mtu anaomba mrija wa pombe.

Fundi alikuwa ameniambia niwashe simu nirekodi tangu mwanzo, kwa kuwa utepe mkongwe hauaminiki kupita mara ya pili. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Upande wa kwanza umekwisha. Akaigeuza kanda kwa mikono miwili.