Hitilafu Yenye Saa Yake

Intaneti ikikatika moja kwa moja, fundi anajua pa kuanzia: waya umechomoka, umeme umekatika au ruta imeungua. Kinachompima ni mtandao unaokwenda vizuri, ukasita ghafla, kisha ukaendelea kama kawaida. Sauti ya simu inakwama, picha ya mkutano inaganda. Fundi akifika, kila kitu kiko sawa.

Wengi huizima ruta na kuiwasha tena. Fundi hodari huketi akahesabu. Chombo chake ni ping, programu ndogo aliyoiandika Mike Muuss huko Marekani mwaka 1983. Hutuma pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, hungoja jibu, huonyesha muda wa kwenda na kurudi: milisekunde 20, 21, 20, mara 900, kisha 20 tena. Akiiona ile 900, fundi hagusi kitu. Anaandika saa, anaingoja inayofuata.

Kazi ninayoistahi kuliko zote katika ufundi huu ni ya Sally Floyd na Van Jacobson, watafiti wa California. Mei 1992, ping zilitumwa kwa awamu za elfu moja moja kutoka Berkeley hadi chuo cha MIT, kila sekunde ping moja hivi. Katika kila awamu, asilimia 3 au zaidi zilipotea. Anayetazama asilimia peke yake angesingizia msongamano. Zilipopangwa kwa wakati, zilionekana zikipotea kila baada ya sekunde 90, na sekunde 90 ndiyo iliyokuwa zamu ya ruta zilizotumia itifaki ya IGRP kupashana habari za njia. Ruta za mtandao wa NEARnet ziliposhughulikia habari hizo, ziliacha kupitisha pakiti za watu. Programu ya ruta hizo ikarekebishwa.

Wawili hao hawakutosheka. Kwa nini ruta nyingi zizungumze kwa mpigo mmoja, ilhali kila moja ina saa yake? Walionyesha kwamba hata zikianza kwa nyakati tofauti, kungojana katika kushughulikia habari huweza kuzivuta taratibu hadi zikaenda sambamba. Dawa waliyopendekeza ni kuibadilisha kidogo, kwa nasibu, saa ya kila ruta, ili zisilingane tena.

Huo ndio uzuri wa kazi hii: hitilafu inayorudi kwa zamu ina mwenyewe. Ikija kila sekunde 30, kagua RIP, itifaki nyingine ya kupashana njia. Ikija saa nane usiku, tafuta seva inayonakili mafaili. Ikija kila mara mtu anapopakia video, foleni imerefuka ndani ya ruta.

Kwa hiyo ukimwona fundi ametulia akitazama namba, usimharakishe, wala usimwone mvivu. Acha ping iende hata usiku kucha. Anayezima na kuwasha amekuondolea kero ya leo tu; anayehesabu ndiye atakayekuambia chanzo chake.