Soksi Mbili Ndani ya Buti Moja

Jeshini lengelenge huhesabiwa kuwa hasara. Kuruta aliyechubuka kisigino hawezi kwata, hawezi mbio, na lengelenge likipasuka ndani ya buti lenye jasho huwa mlango wa bakteria, mguu ukavimba kwa maambukizi ya ngozi. Hiyo ndiyo sababu mtafiti Joseph Knapik na wenzake waliona swali la soksi linafaa kupimwa kwa uzito, wakachapisha matokeo yao mwaka 1996 katika jarida la Military Medicine la Marekani. Naliona jaribio hilo kuwa somo bora kwa yeyote anayetaka kuchagua soksi za buti, kwa sababu namba zake ukizisoma haraka zinakupoteza.

Makuruta 357 wa kikosi cha Marines waligawanywa katika makundi matatu, wakafuatiliwa kwa wiki 12 za mafunzo. Kundi la kwanza lilivaa soksi ya kawaida ya jeshi, mchanganyiko wa sufu, pamba, nailoni na spandeksi. Kundi la pili lilivaa soksi hiyohiyo, ila lilitanguliza chini yake soksi nyembamba ya poliesta. Kundi la tatu lilikuwa na ile nyembamba ya poliesta, na juu yake soksi ya majaribio: nene sana, nyuzi zimesongamana, ya sufu na polipropilini.

Waliopata malengelenge au maambukizi ya ngozi ya miguu walikuwa asilimia 69 katika kundi la kwanza, 77 katika la pili na 40 katika la tatu. Anayeishia hapo atasema soksi nyembamba ya ndani ni kupoteza fedha. Lakini watafiti walihesabu pia mahudhurio ya zahanati kwa sababu ya miguu, na hapo picha inageuka: asilimia 24, kisha 9, kisha 11. Kundi la pili lilipata malengelenge kama la kwanza, au zaidi kidogo, ila machache kati yake yalifikia hali ya kumpeleka kijana kwa daktari. Soksi ya ndani haikuzuia lengelenge lisitokee. Ilipunguza ukali wake.

Ili kuelewa kwa nini, lazima tujue lengelenge linatokeaje. Bonyeza mgongo wa mkono wako kwa ncha ya kidole, kisha sogeza kidole mbele na nyuma bila kukiacha kiteleze. Ngozi ya juu inakifuata, mfupa umebaki palepale, na mvutano wote uko katikati. Ndani ya buti mambo hayo hugeuzwa tu: buti linaishika soksi, soksi inaishika ngozi, na mfupa wa kisigino ndio unaokwenda na kurudi kwa kila hatua. Baada ya maelfu ya hatua, tabaka za ngozi huachana ndani kwa ndani na maji hujaa katika mwanya huo. Kwa hiyo lengelenge huanzia ndani ya ngozi. Nyayo na kisigino huathirika kuliko sehemu nyingine kwa kuwa ngozi yake ni nene na imeshikamana sana na kilicho chini yake. Ngozi nyembamba ingechubuka tu.

Jasho huongeza tatizo, maana ngozi yenye unyevu hung'ang'ania kitambaa kuliko ngozi kavu. Pamba huyanywa maji na kukaa nayo palepale kwenye ngozi, vitanzi vyake vya uzi vikalala na soksi ikapoteza unene. Sufu nayo hunywa maji, karibu theluthi ya uzito wake ikiwa katika hewa yenye unyevu mwingi, lakini uzi wake una mikunjo ya asili inayoisaidia kubaki imejaa. Poliesta na polipropilini hazinywi karibu chochote. Unyevu hupita juu ya nyuzi kwenda tabaka la nje.

Sasa namba za Knapik zinasomeka. Soksi nyembamba inayobana mguu hutengeneza mahali pa kuteleza: soksi ya ndani hukaa na ngozi, ya nje hukaa na buti, na msogeo hutokea kati ya kitambaa na kitambaa. Soksi nene iliyosongamana hufanya kazi nyingine. Hutawanya mgandamizo, na sehemu ya msogeo huishia ndani ya unene wake wenyewe.

Jaribio lina pengo, nalo ni kubwa. Soksi ya nje ya kundi la tatu ilikuwa tofauti kwa mambo mawili kwa pamoja, yaani malighafi na ufumaji. Pia hakukuwa na kundi lililovaa soksi nene peke yake. Je, asilimia 40 ilitokana na sufu na polipropilini, au na unene? Msaada unapatikana katika kazi ya madaktari wa miguu Kirk Herring na Douglas Richie. Mwaka 1990 walilinganisha soksi za akriliki na za pamba kwa wakimbiaji wa masafa marefu, zote zimefumwa nene kwa ufundi maalumu, na waliovaa akriliki walipata malengelenge machache na madogo zaidi. Mwaka 1993 wakarudia kwa soksi za ufumaji wa kawaida, na ubora wa akriliki haukuonekana tena. Kwangu mimi hilo ni funzo zito: uzi mzuri uliofumwa hovyo haukusaidii. Angalia ufumaji kwanza, lebo ya malighafi baadaye.

Hapa kwetu funzo hili lina wenyewe. Wapo vijana waliomaliza kidato cha sita wanaokwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na wapo waongoza wageni na wapagazi wa Kilimanjaro, ambao wakishuka kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi lango la Mweka, huteremka zaidi ya mita 4,000 kwa takriban siku mbili huku vidole vikigonga pua ya buti. Wapo wanaovaa soksi mbili za pamba, wakiamini mbili ni bora kuliko moja. Pamba mbili zilizolowa hushikana, na pale palipopaswa kuteleza pakawa pamekwama.

Hata kwenye mitumba soksi njema zinapatikana, mradi ukague. Igeuze nje ndani. Vitanzi vya uzi chini ya kisigino na chini ya mzizi wa vidole viwe vimesimama. Vikiwa vimelala na kushikana kama mkeka, soksi hiyo imeshamaliza kazi yake. Pitisha kidole kwenye mshono wa vidoleni. Ukiusikia mkononi, utausikia zaidi kilomita ya kumi. Saizi iwe yako hasa, kwani soksi kubwa hujikunja.

Unene nao una masharti. Soksi nene ndani ya buti lisilo na nafasi huminya vidole, hupunguza mzunguko wa damu, na kule juu mlimani mguu hupata baridi kwa sababu ya soksi iliyokusudiwa kuupa joto. Kwa hiyo, kama buti unalo tayari na linakutosha barabara, ongeza soksi nyembamba ya poliesta peke yake. Bei yake ni ndogo na itakuepusha na malengelenge mabaya zaidi. Kama buti bado hujanunua, anza na soksi: pata ile nene, pata na nyembamba ya chini yake, kisha nenda dukani ukajaribu buti ukiwa umezivaa zote mbili.